Majina Kumi na Matatu, Mwandiko Mmoja

Mwanangu Kwamboka,

Pokea salamu za nyumbani, ingawa ninapoandika bado hujaondoka. Umeenda Keumbu kumuaga nyanya yako, nami nimekaa mlangoni pa jikoni na daftari kuukuu la kaka yako, nikiangalia kama mvua itafika kabla yako. Barua hii nitaikunja ndani ya ile sweta ya kijani. Utaikuta Nairobi ukisikia baridi, kwa hivyo zipokee salamu hizi kama mtu aliye mbali tayari.

Baba yako anakusalimu. Ameunyoosha mguu wake juani na redio iko kando, anabishana nayo kama kawaida. Kaka yako Omwenga anakusalimu; ameosha pikipiki mara mbili tangu asubuhi kwa ajili ya kukupeleka stendi kesho, na ukimuuliza atasema ilikuwa na matope. Mkewe Kemunto anakusalimu sana, yeye na hilo tumbo lake. Anasema wifi yake asisahau kula. Nyaboke na wanawake wote wa egesangio yetu, kikundi chetu cha kulimiana, wanakusalimu, na Nyaboke amesema nikuandikie maneno yake bila kupunguza: "Mwambie akifika huko serikalini awaulize kama bado wanatujua." Ng'ombe naye hajambo, ingawa leo ametoa maziwa ya kujaza kikombe tu. Sote ni wazima kabisa, mbuya mono, isipokuwa mimi, ambaye nina hasira.

Usishtuke, si wewe niliyekukasirikia. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijatoka shule darasa la sita. Nikikuambia haya kwa Ekegusii nitalia, na mimi sitaki kulia. Nataka kukasirika vizuri, mpaka mwisho wa karatasi. Mambo ya chakula, mlango, watu wa stendi na pesa za kuficha nitakuambia kesho kwa mdomo mpaka uchoke. Hili siwezi kulisema kwa mdomo.

Siku ulipotuonyesha barua ya kazi, kwamba unaenda kuwa karani katika ofisi inayopokea vitabu vya bajeti vya kaunti zote, uliniuliza kwa mzaha, "Mama, unajua bajeti ni nini?" Nikakujibu, "Ni ile siku waziri hupigwa picha na mkoba." Ukacheka, baba yako akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Lakini kesho yake nikichuma chai swali hilo lilinifuata kutoka mstari hadi mstari. Kwa sababu mimi ninajua bajeti ni nini, Kwamboka. Ninaijua kuliko ninavyotaka kuijua.

Wacha nikueleze nilivyoielewa, kisha wewe na digrii yako mnisahihishe.

Kodi ni egesangio. Unatujua sisi: wanawake kumi na watatu, kila mmoja na jembe lake, leo tunalima kwangu, kesho kwa Nyaboke, keshokutwa kwa yule mjane wa kule chini mtoni. Asiyeleta jembe halimiwi. Na jembe langu nikilipeleka kwa mwingine sijalitupa, limekwenda kulima, litarudi. Ndiyo maana sijawahi kukubaliana na baba yako akisema kodi ni wizi. Basari, ile pesa ya karo iliyokuvusha mwaka wa pili chuoni, ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu fulani aliyenunua sabuni mahali ambapo hatujui, akaongezewa senti kidogo juu ya bei bila kuulizwa. Jembe lake lilikulimia wewe.

Na sisi tunalipa, asikudanganye mtu. Ukifika huko utasikia watu wenye mishahara wakisema wao ndio walipa kodi, kana kwamba sisi huku tunanyonya tu. Mimi leo nimelipa kabla ya saa tatu. Nimenunua sabuni, nimelipa. Nimemtumia nyanya yako pesa kidogo kwa simu, nimelipa. Nikipeleka ndizi sokoni, ninalipa tikiti ya ushuru kabla sijauza hata kichane kimoja, na mvua ikininyeshea pale chini nikarudi na ndizi zangu zote, tikiti haiwezi kurudishwa. Kwa hivyo wakisema "pesa za serikali", wewe uliye mwanangu sema moyoni: pesa za ndizi.

Sasa hili la kubana matumizi. Redio inalisema kila siku, na baba yako huijibu, "Baneni nyinyi kwanza!" Mimi nimebana matumizi maisha yangu yote, hakuna waziri wa kunifundisha. Mwaka ule baba yako alipoanguka kutoka juu ya paa la kanisa akavunjika mguu, ulikuwa darasa la nane, nilibana mpaka nikasikia mifupa. Nilianza na sukari yangu. Kisha leso ya Krismasi. Kisha nyama ya baba yako, na alinuna juma zima. Lakini uji wenu sikuugusa. Mzazi anajua mahali pa kuanzia na mahali pa kutofika.

Na hata hivyo nilikosea. Niliona dawa ya kupe ni gharama, nikasema ng'ombe atavumilia miezi miwili, yeye hali sukari wala hasomi. Unamkumbuka Nyamweusi, yule aliyekuwa akikulamba shingo ukimkamua. Alikufa wiki ya saba. Maziwa tuliyopoteza yangenunua dawa ya kupe mpaka leo. Ulipoulizwa shuleni kwa nini unalia ulisema tumbo linauma, na mimi niliposikia hivyo nilijua ni mimi niliyemuua. Kuna kubana kunakookoa na kuna kubana kunakokula mtaji, na ukiangalia siku ya kwanza, kote kuwili kunafanana.

Tukiwa wachache katika egesangio, labda wawili wanaumwa na mmoja ana msiba, sisi pia tunapunguza. Hatulimi shamba zima, tunalima nusu. Lakini tunaanza kupunguza kwa kiongozi. Nyaboke mwenyewe ndiye husema, "Kwangu acheni, nendeni kwa mjane." Hao wakubwa wa kaunti yetu walianza kwa mjane, Kwamboka. Waliugusa uji wa mtoto wakaacha nyama yao mezani. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, lakini siyo yote. Sehemu nyingine ya hasira ni yangu mimi mwenyewe, na hiyo ndiyo sikuweza kukuambia ana kwa ana miaka hii miwili.

Ulikuwa chuoni. Tuliitwa mkutano katika uwanja wa shule ya msingi, wakaweka hema na viti vya plastiki, chifu akasema ni wananchi kutoa maoni. Ilikuwa siku ya kuchuma, na lori la chai halimsubiri mtu. Kwa hivyo egesangio ilinituma mimi. Ndivyo tunavyofanya tangu zamani: mmoja akienda ameenda kwa wote, akila amekula kwa wote, akisema wote wamesema. Mimi ndiye ninayejua kuandika, basi nikavaa leso safi nikaenda.

Kijana mmoja mwenye tai alikuja na kitabu kinene kama Biblia na kitabu cha nyimbo vikiwekwa pamoja. Akasoma Kiingereza haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Nilishika neno moja moja. Afya. Barabara. Kupunguza. Alipofunga kitabu akauliza, "Kuna swali?" Mzee mmoja nyuma akasema, "Liko. Soda ziko wapi?" Watu wakacheka, kijana akacheka, na mimi, mwanangu, nilicheka mpaka nikafuta macho.

Kisha karatasi ikapitishwa. Kila jina, mkate mmoja na soda moja. Yule kijana aliniona nimeshika kalamu yangu mwenyewe, akaniambia kwa heshima, "Mama, unajua kuandika? Saidia na wenzako basi." Moyo wangu ukapanda. Mimi, wa darasa la sita, kuombwa msaada na mtu mwenye tai! Nikaandika jina langu. Nikaandika la Nyaboke, ambaye hata akishikwa mkono hawezi kuandika jina lake. Nikaandika ya wote kumi na watatu, taratibu, kwa ule mwandiko ulionifundisha ukiwa mdogo ukinifanya mwanafunzi wako, ile "y" yenye mkia wa kupinda. Unajua majina ya huku, karibu kila moja lina "y". Ukurasa wote ulijaa mikia. Niliuangalia nikauona mzuri.

Nilirudi na mikate kumi na mitatu na soda zake ndani ya gunia la mbolea. Nyaboke akaruka na kapu la chai mgongoni. "Serikali ya mkate! Waendelee kutuita, sisi tutaendelea kukubali!" Tulikula palepale shambani. Kemunto alikuwa na mimba changa, tukampa zaidi.

Hakuna aliyeniuliza mkutano ulisema nini. Na mimi sikusema kwamba sikuelewa.

Mwezi wa saba wakabandika karatasi kwenye dispensari yetu. Tulikuwa na manesi wawili, mmoja akilala nyumba ya nyuma, na ulikuwa ukigonga wakati wowote anatoka na tochi. Mmoja mkataba wake uliisha wasimwongeze. Aliyebaki atafungua Jumatatu hadi Ijumaa. Kubana matumizi.

Yaliyofuata ulielezwa kwa simu, lakini hukuelezwa yote. Ilikuwa Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tumefika wimbo wa pili, Omwenga akasimama mlangoni pa kanisa akinitazama bila kuniita. Tulimweka Kemunto katikati kwenye pikipiki, Omwenga mbele, mimi nyuma nimemshika. Dispensari ni karibu, unajua. Tulikuta kufuli. Jipya, Kwamboka, linang'aa, kubwa kama ngumi ya baba yako. Pesa za kufuli zilikuwa zimepatikana. Mbuzi wa mtu alikuwa amelala barazani. Niligonga ule mlango kama ninayemjua aliye ndani, na mbuzi akanitazama.

Tukateremka hadi barabara ya lami, tukashika njia ya hospitali ya Kisii. Hatukufika. Kemunto alijifungulia kando ya barabara, ndani ya shamba la chai la mtu, na mama mmoja tusiyemjua akavua leso yake akatandika. Mtoto wa kiume. Alilia mara moja, sauti ndogo. Mara moja tu. Daktari aliyetupokea mjini alisema mtoto alihitaji kusaidiwa kupumua dakika chache, na kwamba kazi hiyo nesi yeyote anaijua. Alisema kwa upole, akidhani anatufariji.

Sasa hili ndilo hukuambiwa. Baada ya matanga tulienda wanne wa egesangio katika ofisi ya kaunti, tuulize nani alifunga dispensari. Bwana mmoja mnene, si yule kijana, alitukaribisha vizuri. Akasema, "Akina mama, poleni. Lakini serikali haikuamua peke yake. Wananchi waliulizwa wakakubali. Hata majina ninayo." Akavuta faili, akatoa karatasi, akaigeuza upande wetu. "Si ya kwenu haya?"

Nikaona mikia yangu.

Nyaboke hajui kusoma lakini macho anayo. Aliuangalia ule ukurasa, majina kumi na matatu yote na mwandiko mmoja, kisha akaniangalia mimi. Akafunga leso yake upya kiunoni. Yule bwana akairudisha karatasi ndani ya faili. Kwa miezi yote ile alikuwa na karatasi ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angesema imeandikwa na mkono mmoja, na haikumsumbua. Majina yalikuwa yamefika idadi. Tulitoka. Njiani Nyaboke akasema tu, "Kumbe ule mkate ulikuwa wa hiyo kazi." Hakurudia tena mpaka leo.

Kwa miaka miwili nimepika na Kemunto jiko moja. Nimekula chakula cha mkono wake. Kila aliponiita mama nilisikia ile kalamu.

Nakuambia haya kwa nini siku ya kuondoka kwako? Siyo ili unihurumie. Sikuambii usiibe, najua hutaiba. Mimi pia sikuiba. Yule kijana mwenye tai hakuiba, alikuwa na adabu, nadhani mama yake anamsifu kanisani. Kila mmoja wetu alifanya kitu kidogo kisicho na ubaya: yeye alisoma haraka, mzee akafanya mzaha, mimi nikasaidia wenzangu, bwana mnene akatunza faili. Na mwisho wa hivyo vitu vidogo kuna kufuli. Ukiniuliza nani wa kushtakiwa sijui nianzie wapi, na hilo linanichoma zaidi, kwa sababu hasira isiyo na mtu wa kumwendea inabaki tumboni.

Sasa wewe ndiye utakayekuwa na kitabu kinene. Utaona mistari na utaambiwa hapa tumepunguza kidogo, ni mstari mmoja tu. Utakuwa umechoka, utataka kwenda nyumbani, na mstari utaonekana mdogo. Mimi siwezi kukuambia ufanye nini, sijui kazi za ofisi. Ila jua mstari huo una mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na mwanamke mwenye tochi. Na ukiletewa karatasi ya wananchi waliokubali, mwanangu, angalia mwandiko.

Bado kidogo nimalize, naona wingu limeshuka.

Jana nilimwambia Kemunto. Niliogopa kuliko hata siku ya kujifungua kwangu. Alikuwa ameketi hapa nilipo, anachambua chinsaga, mboga za jioni. Nilimwambia yote, mkutano, kalamu, mikate, faili. Mikono yake haikusimama. Aliendelea kuchambua, jani, jani, bua anatupa kuku, mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Mama, na mimi niliula ule mkate. Nilikula vipande vitatu, nilikuwa na njaa ya mimba."

Nikasema, "Hukujua."

Akasema, "Na wewe hukujua."

Nikasema, "Mimi nilijua sikuelewa. Hiyo ni tofauti."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba, kwa sababu hicho si kitu cha kuombwa juu ya sufuria ya mboga. Akainuka polepole na tumbo lake, akaosha mikono, akauliza, "Mkutano mwingine ni lini?"

Mkutano mwingine ni Alhamisi ya wiki ijayo, uwanja uleule wa shule. Chifu ametangaza kanisani. Kemunto amebakiza miezi miwili, na dispensari bado hufungwa Ijumaa jioni. Nimehesabu kwa vidole, mwanangu, na katika kila siku saba, mbili zina kufuli. Mtoto hachagui siku.

Kwa hivyo sikuombi mshahara wa kwanza. Usininunulie leso. Ulituambia vile vitabu si siri, kwamba kila mtu ana haki ya kuviona, ila hakuna anayeuliza. Basi mimi ninauliza. Tafuta cha kaunti yetu, cha mwaka unaokuja. Tafuta ukurasa ulio na dispensari yetu. Upige picha umtumie Omwenga kwa simu yake, na chini yake uniandikie kwa Kiswahili rahisi: wametenga manesi wangapi, na pesa za wa pili zimekwenda kwa nini badala yake. Hayo mawili tu. Nikiwa na namba ya ukurasa, yule kijana wa kitabu akisoma haraka nitanyoosha mkono nimwambie, "Baba, rudi ukurasa fulani, usome tena polepole, halafu utuambie kwa lugha ya mama yako." Nyaboke amesema siku hiyo chai itabaki kwenye miti. Safari hii hawanitumi. Tunakwenda wote kumi na watatu, na Kemunto wa kumi na nne.

Amekuwa akijifunza jioni, nyuma ya kalenda, akidhani simwoni. Jina lake halina "y", lakini ameitafutia "t" msalaba mzuri. Anasema siku hiyo hakuna wa kumwandikia.

Ninasikia pikipiki, ni wewe unarudi. Nijibu upesi, Kwamboka. Ikifika Jumatano bila neno lako nitakwenda hivyo hivyo, lakini nitakwenda mikono mitupu, na mikono mitupu ndiyo waliyoizoea.

Ni mimi mama yako,
nimeandika jina langu peke yangu,
Nyanchama